Watani Wamelala Darajani

Ukitaka kujua kama gari la zamani lina breki, usimuulize mwenye gari. Mwenye gari ni kama mama wa mtoto mtukutu. Atakwambia siku hizi ametulia.

Baba mdogo Obadia alinijibu hivyohivyo asubuhi ile, alipoingiza pikapu ya babu kwenye yadi tunayotengenezea magari pale Kizota.

"Inazama kidogo tu ukikanyaga," alisema, akiigonga pedeli ya breki kwa kisigino. "Halafu inarudi. Siku hizi imetulia."

"Bamdogo, hata waliozama bwawani Mtera walianza kidogo tu."

Hakucheka. Baba yake, yaani babu yangu mzee Matonya, alikuwa mochwari akitusubiri tukamchukue, na siku hiyohiyo tulitakiwa tumfikishe kwao Mlali, azikwe kabla jua halijazama. Pikapu ilikuwa yake. Miaka yote, akiwa mzima na akiwa hoi, mzee alisema safari yake ya mwisho ataifanya nyuma ya pikapu yake, na dereva atakuwa Obadia. Sasa Obadia mwenyewe ni dereva mstaafu wa malori. Ukimwambia gari analoliendesha ni bovu, anasikia umemtukana mguu.

Mimi ndiye fundi wa ukoo. Naitwa Yotham. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kwenye grisi, na ndugu zangu wote wananijua kwa jambo moja: mdomo. Msibani watu wanalia, mimi natafuta wa kumchokoza. Nalitaja mapema kwa sababu lilikaribia kuua mtu.

Basi nikalikagua gari. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa. Nikazunguka magurudumu yote nikitafuta tone lolote, makavu. Nikapitisha kidole kwenye bomba zote chini, kavu. Mafuta hayavuji, pedeli inazama: nikasema huo ni upepo umeingia kwenye bomba. Nikamwita Stanley, mwenzangu wa pale yadi, akapanda kwenye usukani, mimi nikalala chini na spana.

"Pampu!"

Stanley anapampu.

"Shika!"

Anakanyaga mpaka chini anashikilia, mimi nafungua kanati kadogo kwenye gurudumu, mapovu yanatoka, nafunga. Tukazunguka gari zima hivyo. Tulipomaliza pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikalitoa barabarani, nikalipa mwendo, nikakanyaga kwa ghafla. Gari likasimama mpaka Stanley akataka kukibusu kioo.

"Hapo," nikasema, "hata malaika akikatiza tunasimama."

Bamdogo akaridhika. Mimi nikaridhika zaidi.

Tuliondoka mochwari saa za asubuhi bado zina ubaridi. Jeneza lilifungwa kamba nyuma, pembeni yake wakakaa shangazi Dorothea na akina mama wa kwaya. Basi la waombolezaji lilikuwa limeshatangulia. Mbele tulikuwa wawili, mimi na bamdogo, na ule ukimya wa mtu anayemwendesha baba yake.

Tulipoipita Chamwino simu yangu ikaita. Bibi Edina.

"Mume wangu!" Sauti yake haihitaji mtandao, ukifungua dirisha unaisikia. "Mko wapi na huyo mdaiwa wangu?"

"Bibi, mdaiwa wako amelala. Akiamka nitamwambia ulipiga."

"Asiamke! Akiamka atakimbia tena. Mwambie tunamsubiri darajani. Nimeshatandika kanga, mifupa yangu inafurahia vumbi la Mungu. Bila mbuzi hapiti mtu."

"Mbuzi gani? Tumekuletea kuku, naye ana kikohozi."

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Ukoo wetu na ukoo wa bibi Edina ni watani tangu njaa ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Mtu wetu akifa, wao hawalii. Kazi yao ni kutusumbua: wanaficha majembe, wanaingia kaburini wanakataa kutoka, wanaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa mchoyo wa ugoro. Na kabla ya yote hayo wanalala barabarani. Maiti yetu haipiti mpaka tuwape wanachodai, na kabla ya kuwapa lazima tubishane. Wanadai mbuzi, sisi tunatoa kuku. Wanadai kuku, sisi tunatoa yai. Ukipiga honi wanajinyoosha zaidi. Ukiwatisha kwamba utawakanyaga, wanavua viatu wakuonyeshe nyayo. Ukoo wetu tunawafanyia vilevile wakifiwa. Anayezika bila kubishana na watani ni kama amefukia gunia.

Mahali pao pa kulala ni daraja dogo la korongo, chini kabisa ya mteremko tunaouita Kaza Roho, unapokaribia kijiji chetu. Wamepachagua kwa akili. Daraja ni jembamba, halina kingo, na gari haliwezi kuwazunguka.

Tulisimama Mbande shangazi Dorothea anunue maji. Gari halikuzimwa. Pikapu ile ukiizima unaiwasha kwa kuisukuma, na hendibreki ilitangulia mbele ya haki muda mrefu kabla ya mwenye gari. Kwa hiyo bamdogo alibaki kwenye usukani, mguu juu ya breki, mimi nikashuka kunyoosha miguu.

Kulikuwa na dada mmoja ameweka beseni la mayai ya kuchemsha mbele yetu, upande wa barabara unaoinama kidogo. Akaniangalia, akaliangalia gari.

"Kaka, gari lenu linataka mayai."

Nikageuka. Pikapu ilikuwa inatembea. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayesogea jikoni anajifanya hana njaa. Bampa lilikuwa karibu kabisa na beseni, na dada yule akalivuta beseni huku anacheka.

"Bamdogo! Kanyaga breki!"

"Nimekanyaga!" Akachungulia dirishani, amekasirika. "Nimekanyaga muda wote, we vipi?"

Kisha akaona mwenyewe. Akapampu, gari likasimama.

Nikamwomba alisogeze gari mahali tambarare, kisha anipishe. Nikaketi, nikaweka mguu juu ya pedeli kwa upole, kama unavyokanyaga sakafu ya chumba alicholala mtoto. Pedeli ikakaa juu, imara. Sikuongeza nguvu, sikupunguza. Nikashikilia tu. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu chini ya soli yangu nikahisi kitu kinaondoka, kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kitandani hataki mwenzake aamke. Pedeli ikashuka. Ikashuka. Ikagusa sakafu.

Nikafungua boneti. Kikopo kimejaa vilevile. Nikalala chini: kukavu. Mafuta hayatoki nje, basi yanapita kwa ndani. Nikafumba macho nikauona ugonjwa wote, na nikajiona mimi mwenyewe nimesimama kando yake na spana, natabasamu.

Ndani ya masta ya breki, ile pampu inayosukumwa na pedeli, mna raba ndogo zenye umbo la kikombe. Kazi yake ni kuyasukuma mafuta yaende kwenye magurudumu na kuyazuia yasirudi. Ukikanyaga kwa ghafla, hata raba iliyochoka inatanuka na kuziba. Ukikanyaga kwa upole na kushikilia, mafuta yanapenya ubavuni mwake yanarudi yalikotoka, na gari linabaki halina kitu. Kule Kizota nililijaribu kwa ghafla, kama tunavyojaribu magari yote. Sijawahi kumwona fundi anayejaribu breki kwa upole. Tena huenda sisi ndio tuliozimaliza zile raba, tulipopampu mpaka sakafuni, kwa sababu masta ya zamani ina kutu kule mbele ambako raba hazijafika miaka mingi. Ukizifikisha huko zinakatwa. Na masta ile ilikuwa ya kizamani kweli, ya mkondo mmoja: ikichoka, magurudumu yote manne yanachoka siku moja.

Na msafara wa maiti hauendi kwa ghafla. Unakwenda polepole, mguu umelazwa juu ya breki mteremko mzima.

"Bamdogo," nikasema, "breki hatuna."

"Zimenileta toka Dodoma."

"Zimekuleta kwa sababu barabara ni tambarare na unakanyaga mara moja moja. Pale Kaza Roho utashikilia, na ukishikilia zinaondoka."

Akanitazama kwa macho mekundu ya msiba. "Yotham. Jana nani alimwambia Dorothea kwamba baba ameamka mochwari anaomba chai?"

"Ule ulikuwa utani."

"Na huu?"

Nilitaka kuapa, nikakumbuka kwamba hata kuhusu ile chai niliapa. Nikamwonyesha pedeli. Akaweka mguu wake, akaushikilia, ikashuka mbele ya macho yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona dereva yule akimeza mate.

"Raba zinapatikana Kongwa?"

"Bamdogo, raba za gari hili ukiziuliza dukani, muuzaji anakuuliza kama wewe ni mzima."

Jua lilikuwa linapanda. Ndani ya jeneza mlikuwa na mtu asiyeweza kusubiri raba zitoke Dar es Salaam.

"Nitapampu," akasema mwishowe. "Gia ndogo, na nitapampu. Nimeshusha lori la saruji mlima Kitonga, wewe hujazaliwa."

Kweli alipampu. Kutoka Kongwa, lami ilipotuacha na vumbi likaanza, nilikuwa nalitazama goti lake tu. Juu, chini. Juu, chini. Kila tulipofika kwenye kimteremko lilishuka zaidi kuliko mara iliyopita. Nyuma akina mama walikuwa wanaimba, sauti nzuri kabisa, na kila walipofika kwenye kiitikio mimi nilisikia kama wanatuimbia sisi tulio mbele.

Tulipofika kichwani mwa Kaza Roho nikamwambia asimame. Tulikuta kijana wa bodaboda, Alfonce, ametumwa kutoka nyumbani aje atuongoze. Chini yetu barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa udongo upande huu, shimo upande ule. Inakwenda, inakata kona, inanyooka tena mpaka kwenye korongo. Na pale darajani, wadogo kama sisimizi, niliwaona. Rangi za kanga. Wamelala.

Nikawashusha akina mama wote. Shangazi Dorothea akagoma.

"Nimwache baba yangu peke yake?"

"Shangazi, tembea nyuma yake kwa heshima. Nakuomba."

"Wewe unaniomba?" Akanishangaa kama nimeota pembe. Akashuka.

Nikampigia bibi Edina.

"Bibi, nisikilize. Ondokeni darajani. Gari halina breki."

Kicheko. "Sikieni, jamani! Mume wangu anasema gari halina breki! Mwaka ule tulipomzika shangazi yako mlisema dereva ni kipofu!"

"Bibi, safari hii ni kweli, haki ya Mungu."

"Na ile ya dereva kipofu uliapa kwa nani? Lete mbuzi, mtoto mzuri, mgongo unaniuma." Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena. Niliona kabisa, kwa mbali, sisimizi mmoja ameinua mkono anatupungia.

"Alfonce, kuna njia ya mkato?"

"Ya mbuzi. Inashuka moja kwa moja."

Nikamgeukia bamdogo, nikashika mlango wake. "Subiri hapa mpaka nikupigie simu. Ngoja nikuwekee jiwe."

"Jiwe?" Akatazama nyuma, akina mama wanatuangalia. "Maiti ya mzee Matonya iwekewe jiwe kama mkokoteni wa ng'ombe? Jiwe la nini? Mguu wangu upo."

"Basi usishikilie. Pampu, achia, pampu, achia. Ukishikilia tu, umeliachia gari."

"Nimesikia."

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama bondeni, ng'ambo ya korongo, bati la nyumba ya baba yake linavyong'aa, na machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. Ningeweka jiwe kwa nguvu. Nililiona jiwe lenyewe, lilikuwa karibu na mguu wangu. Lakini Alfonce alishawasha pikipiki, na watu walikuwa wamelala darajani.

Njia ile kweli ilikuwa ya mbuzi, tena mbuzi asiye na familia. Pikipiki iliruka, mimi nikiwa nimemkumbatia Alfonce kama mchumba, na kila mwiba wa bonde lile ulichukua kipande cha shati langu. Tukatokea chini. Nikaruka kabla hajasimama.

Walikuwa watu kama kumi hivi, wamejipanga darajani kama samaki juani. Bibi Edina katikati, mnene, kanga nyingine amejifunika usoni, vidole vya miguu vinacheza.

"Amkeni! Tokeni! Gari halina breki!"

"Amekuja kwa pikipiki kutuletea uongo," alisema mzee mmoja bila kufumbua macho. "Zamani walikuwa wanatutumia uongo kwa miguu."

"Jamani, sitanii!"

Wakacheka wote pamoja. Kwa kweli, hakuna sentensi ya mtani inayochekesha kuliko hiyo. Nikamshika mzee mkono nimvute. Akajilegeza kama maiti, wenzake wakapiga vigelegele. Nikamvuta mwingine, akanishika mguu nikaanguka, wakazidi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Walisema ninaigiza vizuri kuliko marehemu.

Ndipo tukasikia honi.

Nikatazama juu. Pikapu ilikuwa imeanza kushuka. Mwanzoni nilidhani bamdogo amechoka kusubiri. Halafu nikawaona akina mama wanaikimbilia nyuma, mikono kichwani, na upepo ukatuletea sauti yao. Haikuwa wimbo. Alishikilia. Alikaa pale analia, mguu umelala juu ya pedeli, na pedeli ikaondoka chini yake kama pale Mbande. Sasa alikuwa anatafuta gia. Nilisikia meno ya gia yakisaga hadi huku chini, yakikataa, na honi, honi, honi.

"Wanakuja!" bibi Edina akashangilia chini ya kanga. "Jinyoosheni! Honi hiyo mpaka wachoke!"

Nilisimama katikati yao na sikuwa na neno hata moja. Mimi, Yotham. Maneno yote niliyokuwa nayo duniani nilikuwa nimeshayatumia kwa mzaha, na hawa ndio niliowatania nayo.

Sijui nilifikiria nini. Labda sikufikiria. Nilipiga magoti kichwani pa bibi Edina, nikavua saa yangu, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Chukua."

"Saa? Mimi nataka mbuzi."

"Mbuzi utapata."

Kiganja kikatulia. "Wawili."

"Wawili. Chukua na simu." Nikaiweka. "Chukua viatu." Nikavivua, nikaviweka juu ya tumbo lake. "Chukua shati. Ng'ombe nitakupa, bibi. Chochote unachotaka, nimekubali."

Akaivuta kanga usoni. Nadhani hakuliangalia gari hata kidogo. Aliniangalia mimi, macho yake yakitafuta usoni mwangu mahali kicheko kilipojificha, kwa sababu miaka yote hiyo sijawahi kumpa hata yai bila kubishana mpaka koo likauke. Hakukiona. Uso wake ukabadilika rangi.

"Hatanii," akasema. Kwa sauti ndogo. Halafu kwa ile sauti yake yenyewe: "HATANII! Tokeni! Tokeni barabarani!"

Waliruka kama kuku. Mzee wa uongo wa miguu aliingia korongoni kichwa mbele. Mmoja baada ya mwingine wakatoweka pembeni, na nikabaki mimi na bibi Edina, kwa sababu yeye aliinuka nusu akakaa tena.

"Goti," akasema. "Yotham, goti langu limekwama."

Pikapu ilikuwa imemaliza kona. Sasa ilikuwa imenyooka, inakuja na vumbi lake, na nikaona kioo, na nyuma ya kioo uso wa bamdogo Obadia umefunguka mdomo. Alikuwa anakanyaga, niliona mabega yake yanavyokanyaga. Hakuwa na pa kwenda. Ukuta kulia, shimo kushoto, daraja mbele, na darajani sisi.

Nikampitisha bibi Edina mikono kwapani, nikavuta. Mzito. Sijui ukoo wao wanakula nini. Nikavuta, visigino vyangu vitupu vinateleza kwenye changarawe, yeye anasukuma kwa mguu mmoja mzima huku analitaja jina la Yesu na la mama yake kwa zamu. Alfonce akatokea sijui wapi akashika miguu. Tulitoka pembeni ya daraja wote watatu kama gunia lililopasuka, tukabingirika mpaka kwenye mchanga wa korongo. Juu yetu kulipita upepo, na kelele, na giza la kitambo, na kokoto zikatunyeshea.

Halafu kelele ikaenda ng'ambo.

Ng'ambo ya korongo barabara inapanda kidogo kabla ya kuingia kijijini. Pikapu ilipanda, mwendo ukapungua, ukapungua, ikasimama. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona gurudumu la nyuma linaanza kuzunguka kinyume.

"Mawe!" nilipiga kelele. "Mawe!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Watani walitoka kwenye vichaka kila mmoja na jiwe, wazee wale wale waliokuwa wamelegea kama maiti, wakalikimbilia gari linalowarudia. Gia ikaingia hatimaye kwa kishindo kama mfupa unaovunjika. Gari likajitikisa, likazima. Wao wakaendelea kusukumia mawe chini ya kila gurudumu, hata yale ya mbele, hata gari lilipokuwa limeshatulia kabisa, mpaka likaonekana kama limeota juu ya kilima cha mawe.

Nilipofika dirishani bamdogo alikuwa bado anakanyaga. Nilifungua mlango. Mguu wake ulikuwa umeibana pedeli sakafuni.

"Bamdogo, limesimama. Achia."

"Nimekanyaga," aliniambia. "Yotham, nilikanyaga muda wote."

"Najua."

"Wapo wangapi chini ya gari?"

"Hakuna. Hakuna mtu, bamdogo."

Hakuniamini. Ilibidi nimshushe nimzungushe gari zima, aangalie mwenyewe, gurudumu kwa gurudumu. Upande wa nyuma kulia tukaikuta kanga ya kutandikia ya bibi Edina. Ilikuwa imejisokota kwenye gurudumu, imebanwa, imechanwa vipande virefu, ina grisi. Bamdogo akaigusa kwa kidole, akaenda pembeni akatapika.

Jeneza lilikuwa zima, kamba zilishika. Shangazi Dorothea na wenzake walifika wakihema, na hakuna aliyepanda tena. Watani wenyewe walilishusha jeneza, wakalibeba mabegani. Desturi haisemi hivyo. Desturi inasema wao ndio wa kutuzuia na sisi ndio wa kubeba. Hakuna aliyeuliza. Walitembea kimya kuingia kijijini, watu wakatoka majumbani kutushangaa: msiba wa mzee Matonya, watani wote wapo, na hakuna hata kelele moja.

Nilitembea nyuma, peku, sina shati. Bibi Edina alikuwa amenishika mkono, anachechemea. Kucha zake zilikuwa zimeingia nyamani. Tulipokaribia uwanja wa nyumba mdomo wangu, ambao haujui pa kukaa, ukafunguka.

"Bibi..."

"Nyamaza."

"Nilitaka tu kusema..."

"Yotham, mjukuu wangu, nakuomba." Hajawahi kuniita mjukuu. "Usiseme kitu cha kuchekesha. Nikicheka sasa hivi, sitaweza kunyamaza."

Nikafunga mdomo. Tulitembea hivyo mpaka kaburini, na alipofika pale hakuingia ndani ya kaburi kudai chochote. Alisimama ukingoni, amenishika, kila gari lilipopita mbali kule barabarani mkono wake ukinibana upya.